Maneno ya Kuondoka

Kesho Kitwana ana usaili wa Kiingereza, akifaulu tu anaenda kazi ng'ambo miaka minne. Mkewe Mwanaidi ameshika karatasi ya maneno, anamuuliza.

"Ndege kuruka?"

"Take off."

"Umekosea."

Karatasini imeandikwa hivyohivyo alivyosema.

"Mbona jana ulisema ndiyo?"

"Jana nilikuwa nasinzia, Baba Zuhura. Kuhama nyumba?"

"Move out."

"Hapana."

Kitwana akashika kichwa. Tangu alasiri hajaambiwa kapata hata moja. "Basi kichwa kimekufa. Bora nisiende, nitaaibika bure."

Mwanaidi akataka kusema ni kweli, bora asiende. Badala yake machozi yakamtoka.

"Sasa unalia nini wewe? Lete hiyo karatasi nione."

Mwanaidi akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaibana kifuani. Mkono wa mumewe bado uko mbele yake, unangoja.