Ncha Iliyokatika

Fundi Semkiwa alikuwa ameshafunga cheni mpya ya taimingi, na injini ikanguruma vizuri. Ila alipokusanya plastiki kuukuu zilizokuwa zikiiongoza cheni ya zamani, aliona moja imekatika ncha. Aliitafuta ncha hiyo kila mahali, asiione.

"Imebaki ndani ya injini," alimwambia Hiza, mwenye gari. "Niachie hadi kesho nifungue sampo, bakuli la oili chini ya injini. Ikiziba njia ya oili, gari litakufia mlimani."

Hiza aligeuka kumtazama mkewe. Zaina alikuwa ameegemea ukuta wa gereji, ameshika kiuno, uchungu umemkaza uso.

"Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, fundi. Hospitali iko ng'ambo ya mlima, na gari jingine sijapata," alisema Hiza.

Semkiwa alitupia spana zake garini, akaketi mbele kando ya Hiza.

"Twende. Usilikimbize."

Kwenye kona ya kwanza ya mlima, taa nyekundu ya oili iliwaka, ikazima, ikawaka tena.

"Kuna nini?" Zaina aliuliza kutoka nyuma.

"Hakuna kitu, dada," alisema Semkiwa, akaifunika taa ile kwa kiganja.