Mwali wa Chausiku

"Hapaingiwi," alisema Chausiku, akasimama mlangoni na jembe mkononi. "Ndani kuna mwali."

Askari Salum akaurudisha mkono wake. Alikuwa amewavunjia watu milango mingi tangu aanze kuwatumikia Wajerumani, lakini kwao Uzaramo pia binti akivunja ungo huwekwa ndani, na mwanamume hamtii machoni mpaka achezwe ngoma. Vita ni vita, mwiko ni mwiko.

"Mwali wa nani?"

"Mdogo wangu."

Salum akachungulia chungu kilichokuwa mekoni. "Ugali wote huo ni wake?"

"Mwali hunenepeshwa, afande. Au kwenu mnawatoa wamekonda?"

Mizinga ilikuwa ikisikika upande wa Dakawa, na Wajerumani walikuwa wanakimbilia Kisaki kupitia milimani. Masanduku ya risasi hayajibebi. Wanaume wa kijiji walikwisha kukamatwa upagazi, na waliobaki walijificha. Mwaka ule wanawake ndio walioezeka mapaa, na mzee Mwinjuma, baba mkwe wa Chausiku, alipofariki, wao ndio waliomchimbia kaburi. Jambo hilo halikuwahi kuonekana Uluguru. Mwali alilisikia jembe la kaburi kupitia ukuta wa udongo, akaona aibu hata chakula kikamshinda siku ile. Nguvu alikuwa nazo, na mikono ilikuwa imekaa bure mapajani.

"Nimepungukiwa na mpagazi mmoja," alisema Salum. "Mumeo yuko wapi?"

"Mlimchukua tangu masika."

"Basi utabeba wewe."

Chausiku akaliweka jembe chini, akasokota ngata ya majani makavu ya mgomba. Furaha, bintiye mdogo, alikuwa ameng'ang'ania kaniki yake. Akambandua vidole polepole.

"Mwali," akasema akiuelekea mlango, "usitoke. Mtoto akilia, uji upo."

Ndani, mwali alisimama. Kufungua mlango lilikuwa jambo dogo, na kusema "niacheni nibebe mimi" lilikuwa dogo zaidi. Mguu haukuinuka. Akasikia sanduku likipandishwa kichwani, pumzi za Chausiku, kisha nyayo zikishika njia ya mlimani. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aliyeijua hii alikuwa ameondoka nayo, juu yake risasi za watu. Mwali akaketi tena chini, akajifunika shuka uso mzima.

Nje kulipotulia, Furaha akausukuma mlango, akaingia gizani. Akapanda mapajani mwa mwali, akaifunua ile shuka, akazishika ndevu kama alivyozoea.

"Baba," akauliza, "mama kabeba mzigo wa nani?"