Kipimo cha Buti

Mgeni aliweka spika ya besi juu ya meza ya Fundi Mshamu, akaomba itengenezewe boksi la kuweka garini na itafutiwe amplifaya.

"Hii ni ya zamani," Mshamu alisema huku akiipima kwa mita. "Amplifaya za siku hizi zina nguvu, zitaiunguza. Nitakutafutia ndogo. Ila boksi lazima liwe kubwa, la sivyo haitapumua."

Alipoigeuza, mkono ukasita. Nyuma ya sumaku palikuwa na herufi mbili alizozikwaruza mwenyewe kwa bisibisi, siku alipoifunga kwenye gari la mdogo wake, Tamimu. Tangu mwaka juzi Tamimu hakuonekana tena, wala gari lake. Mama yao bado alikuwa akimpakulia wali.

Mshamu aliilaza spika taratibu, kama mtu ambaye hakuona kitu. Angeuliza, huyu mtu angeondoka na asirudi.

"Boksi hukatwa kwa kipimo cha buti," alisema. "Niletee gari kesho, kaka." Mpaka kesho angekuwa ameshawaita polisi.

Mgeni alimtazama, kisha akatabasamu.

"Kwa nini kesho, Mshamu? Gari liko nje."

Mshamu hakuwa amemtajia jina lake, wala kibanda hakikuwa na kibao cha jina.

Alichukua futi, akamfuata. Nje jua lilikuwa kali na barabara haikuwa na mtu. Gari lilikuwa lilelile la Tamimu, ila limepakwa rangi mpya, nyeusi. Mgeni alikuwa ameshainua mlango wa buti nusu, akimsubiri asogee.