Sikio Lenye Pamba

Kila asubuhi Advera alipiga goti upande wa kulia wa mama mkwe wake na kusema, "Shikamoo, mama." Kisha alizunguka upande wa kushoto, akainama kuchukua kikombe cha chai, na kumwambia ukweli.

"Bahili wewe. Hata sukari unaipima kama dawa."

Bi Koleta aliendelea kutazama barabarani. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu Advera hajaolewa, na lilizibwa pamba mchana na usiku. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba halisikii. Watu waliiona pamba, wakamalizia wenyewe.

Kwa hiyo mtaa mzima wa Ipuli ulimjua Advera kuwa mkwe wa mfano. Akina mama wa jumuiya ya kanisani waliusifu upole wake, wakasema ndivyo walivyo watoto waliolelewa na shangazi: wanaijua thamani ya mama. Advera aliinamisha macho kwa unyenyekevu. Mumewe, Wilbroad, alikuwa Igunga akinunua mpunga, na kila kilichomkera Advera pale nyumbani alikimwaga katika sikio lile kama takataka shimoni. Siku moja aliliambia kwamba pamba yake inanuka kama panya aliyefia darini. Kuanzia kesho yake, kwa bahati tu, Bi Koleta akawa anabadilisha pamba asubuhi na jioni. Advera alimshukuru Mungu anayejibu hata sala zisizosaliwa.

Mwaka huo watafiti walikuja Tabora kuchunguza kwa nini watu wa huku huchelewa kupeleka masikio yao hospitali. Wao wenyewe walikuwa wamechelewa mwaka mzima wakisubiri kibali. Bi Koleta alijaribiwa kwa chuma chenye umbo la manati, akafungiwa peke yake chumbani na vifaa vya kusikilizia, akapigwa picha ya kichwa. Daktari Mayala alizungumza naye faragha kwa muda mrefu, kisha akamwita Advera aione ile picha.

Alimweleza kwamba nyuma ya sikio kuna mfupa wenye vyumba vidogo vidogo kama sega la asali. Mtu wa Tabora haelezwi sega mara mbili. Ila sega hili lilikuwa limeliwa na uvimbe na kujaa usaha, na ukuta uliobaki kati yake na ubongo ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Asipopasuliwa, atakufa.

"Na akipasuliwa atasikia?" Advera aliuliza.

"Hapana. Upande huo hautasikia. Tunaokoa uhai, si sikio."

Advera alishusha pumzi. Tangu saa ile upasuaji haukuwa na mtetezi kama yeye. Mama angepona, na shimo la takataka lingebaki palepale. Sayansi ilikuwa haijawahi kumtendea wema kiasi hicho.

Aliyekataa ni Bi Koleta. Kwanza ilikuwa Kwaresima. Kisha ikawa Pasaka, na nani anapasuliwa Pasaka. Kisha karanga zilikuwa hazijang'olewa shambani. Watafiti walizisikiliza sababu zote kwa heshima, wakaziandika chini ya "imani potofu".

"Sikio halipiti kichwa, daktari," alisema alipobanwa.

"La kwako, mama, linakaribia kupita."

Jumapili moja likajaribu. Bi Koleta aliamka na homa, dunia ikimzunguka, akaanguka mlangoni mwa jiko. Advera alimbeba mgongoni hadi kwenye bajaji, na njia nzima hakumtukana hata kidogo. Wodini Daktari Mayala alisema hakuna tena cha kusubiri, lakini mgonjwa mwenye akili zake timamu hapasuliwi kwa nguvu. Bi Koleta alikataa. Wilbroad alilia kwenye simu; mama yake akamwambia aendelee na mpunga.

Daktari alitoka kwenda kutafuta maneno mengine. Advera alibaki na kikombe cha uji mkononi. Kwa mazoea alizunguka upande wa kushoto, akainama, akatafuta tusi. Alikuwa nayo mengi, ya kila msimu. Siku hiyo halikuja hata moja.

"Usife, mama," aliinong'oneza ile pamba. "Ukifa nitamsema nani? Mimi sijawahi kuwa na mama mwingine."

Bi Koleta aliendelea kutazama mbele, kama kawaida yake.

Daktari Mayala alirudi na muuguzi. Alisimama upande uleule wa kushoto, na wala hakupaza sauti.

"Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Uvimbe umeila mifupa ya ndani, lakini umekaa mahali pa mifupa hiyo na wenyewe ndio unaopitisha sauti. Ndiyo maana sikio hili linasikia kama la msichana. Nilikwambia tangu mwanzo, nikiutoa litanyamaza kabisa. Bado unalililia sikio kuliko uhai?"

Uji ulianza kumwagika polepole kutoka mkononi mwa Advera.

Bi Koleta alinyoosha mkono, akakiweka sawa kikombe cha mkwe wake.

"Pasua, mwanangu," alimwambia daktari. "Neno nililokuwa nalingoja limeshaingia."