Kitanda Uani

Kila mlango wa nyumba mjini ulikuwa na sumaku iliyopima, bila sindano wala maumivu, jinsi maji yanavyopenya utando wa seli za mtu anayeingia. Aliyeonekana seli zake zimeanza kuvuja alichukuliwa kabla hajaugua, na hakuna aliyewahi kurudi.

Jioni moja Asimwe alimkuta mumewe, Kalumuna, amesimama nje ya mlango wao, vidole vimemvimba.

“Mke wangu, nikipita hapa watajua.”

“Basi usipite.”

“Na mvua ikinyesha?”

“Tutalowa.”

Asimwe aliburuta kitanda hadi uani, akafunga chandarua, akapakua ndizi. Walipokuwa wakila, walisikia kishindo nyuma ya ua. Jirani yao naye alikuwa akitoa godoro nje.