Nancy Kawekwa Mbele

Ng'washi alikuwa amelala kifudifudi juu ya robota la pamba, mikono kaitanua, miguu kainyoosha, na macho yote mawili yako kwenye mgongo wa Nancy. Angekuwa na uwezo, angeutoboa.

"Mabega mbele kidogo," Mwalimu Method alisema, akipita katikati ya marobota. "Tumbo lisining'inie. Vidole vya miguu vinyooke nyuma. Ng'washi, kidevu! Mtazame kiongozi."

Kiongozi! Kaja juzi tu, leo kiongozi.

Ghala lile la Dutwa lilikuwa la pamba, lakini wenyewe waliwaachia Method na wanafunzi wake kona wafanyie mazoezi ya chini. Ya juu yalikuwa kwenye kindege: unaruka umevaa suti ya mabawa, unaelea ubavuni mwa wenzako, kisha kila mmoja anajitenga na kufungua parachuti yake. Sikukuu ya Nane Nane ilikuwa inakaribia. Watu wanne wangepita juu ya uwanja wa Nyakabindi kwa pamoja, na mzee Masele, baba yake Ng'washi, alikwisha kukitangazia kijiji kizima kwamba mmoja wao ni mwanawe. Method naye alikwisha kusema lake: asiyeweza kukaa karibu na kiongozi, siku hiyo atatazama kutoka chini kama watu wengine.

Na asiyeweza alikuwa Ng'washi. Mwaka mzima ugonjwa ulikuwa uleule. Akitoka tu kwenye ndege, macho yanakimbilia chini kutafuta bati la kwao. Kichwa kikishuka, mwili unafuata, wenzake wanabaki juu, yeye anazama peke yake. Method alibembeleza, akafoka, akabadilisha viongozi mara tatu. Wapi!

Ndipo Nancy akaja kutoka Bariadi mjini. Siku ya kwanza alikuwa mtoto wa watu kabisa. Alipiga goti kidogo kusalimu, "Mwangaluka, dada," akambebea Ng'washi mfuko wa suti, akasema anaomba aruke nyuma kabisa, maana kuongoza kunamtisha. Ng'washi alimpenda palepale. Mchana Method akamwita yule binti pembeni, wakazungumza muda mrefu nyuma ya mzani wa pamba. Kesho yake, Nancy kawekwa mbele.

Kawekwa mbele, na salamu zikaisha. Alimpita Ng'washi mlangoni kimya, kama anapita nguzo. Usukumani hata mtu mwenye kesi na wewe anakusalimu kwanza! Saa ya kula akafungua mfuko wa michembe wa Ng'washi bila kuomba, akatafuna vile viazi vikavu huku akimkodolea macho.

"Nyinyi wa Dutwa mmezoea baiskeli," akasema. "Hewa tuachieni sisi wa mjini."

Halafu akamtupia jicho Method, akanywa maji haraka haraka mpaka yakampalia.

Ng'washi aliliona lile jicho. Ahaa, kumbe ndiyo hivyo! Mtu mzima na mvi zake, kachanganywa akili na kabinti. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu kaja mwenyeji augue.

Na aliugua kweli. Roho ilimuuma Nancy alipocheka, ikamuuma zaidi Nancy alipokaa kimya. Alimsoma mpaka akammaliza: akichoka, bega la kushoto linashuka, akitaka kugeuka, kiwiko kinatikisika kwanza. Alikuwa anangoja kosa moja tu, moja, aliseme mbele ya watu wote. Hata angani alimvizia, ubavu kwa ubavu, asije akakosea halafu yeye asilione. Siku zile hakukumbuka hata kulitafuta bati la kwao.

Nane Nane ikafika. Wakipanda ndege, Nancy akamsonya. Ng'washi akakaza mikanda ya parachuti yake. Leo, akajiambia, leo utaumbuka na baba yangu aone.

Juu ya Nyakabindi mlango ukafunguliwa. Nancy akatoka, Ng'washi nyuma yake, na wenzao wawili wakafuata. Upepo ukajaza mabawa. Bega la Nancy likashuka, la Ng'washi likashuka. Kiwiko kikatikisika, na Ng'washi alikwisha kugeuka. Ncha za mabawa yao zilikaribiana mpaka ungeweza kumpokeza mwenzako kikombe cha chai. Kosa halikutokea. Nancy akatoa ishara, wakaachana, parachuti nne zikafunguka.

Chini vigelegele vilikuwa havishikiki. Mzee Masele alikuwa analia bila haya, akimshika kila aliyepita: "Mmemwona? Wa kulia ni wangu! Wamepita kama jozi ya maksai!"

Ng'washi hakusimama hata kumpa baba yake mkono. Alikwenda moja kwa moja kwa Method, suti inaburuzika miguuni.

"Mwalimu, leo nimekaa naye mwanzo mpaka mwisho, umeona mwenyewe. Sasa niambie hapahapa. Mimi nina kasoro gani, mpaka huyu asiye na adabu ndiye ukampa nafasi ya mbele?"

Method alifungua mdomo, lakini Nancy alikuwa amekwisha kufika mbio, helmeti mkononi, machozi yanamtiririka. Akamshika mwalimu mkono.

"Ameweza, mwalimu! Dada ameweza, hakuniondolea macho hata mara moja! Yote uliyoniagiza nimeyafanya. Sasa nakuomba, niruhusu nimsalimie."