Hapa ni Mbegu Tu

Kanga alikuwa admini wa grupu la wapenda mbegu, tena mkali kama pilipili. Pimbi, mpiga soga, akituma salamu au habari za mgonjwa, Kanga hufuta: "Hapa ni mbegu tu!"

Siku Pimbi alipoandika, "Jamani, naona moshi upande wa kwa Kanga," alitolewa kabla ujumbe haujasomwa hadi mwisho.

Punde moto ukazingira kichaka ambamo Kanga alikuwa akiatamia mayai yake. Akaandika: "Njooni, tunaungua!"

"Samahani, dada," akajibu Digidigi mtiifu, "si ulisema hapa ni mbegu tu?"

Kanga akaandika upesi, moshi ukimkaba: "Mbegu zangu zinaungua!"

Hapo grupu zima likachangamka. Kinyonga, mjuzi wao, akauliza: "Za mtama au za ulezi?"